Gurudumu la Thelathini na Moja

Waliniita kwa siku moja, posho na chai.
Mabehewa sita yamesimama Iyunga, reli ya pembeni,
yamepakwa kijani cha jani la kiazi,
ubavuni jina la kampuni, bado linanata.
Mwezi wa saba. Loleza amejifunika ukungu hadi mabegani,
na mkono ukishika chuma, chuma kinaushika mkono.

Bwana Chaula alinipa mkono wenye glovu.
Aliuza Fuso nne, nimesikia, na ghala la Makambako;
wenzake wa Mwanjelwa wakachanga hisa:
mama wa vitenge, muuza mbolea,
na yule Sanga wa spea asiyekopesha hata salamu.
Wamekuja na watoto, wamevaa makoti ya harusi.
Dalali amevaa viatu vyeupe juu ya kokoto.
Akasema, "Mali mpya hii, imetumika kidogo tu."
Nikasema, "Naomba nyundo yangu."

Magurudumu arobaini na nane.
Nagonga, nasikiliza.
Gurudumu zima lina sauti ndefu,
inakwenda, inazunguka, inakurudia
kama mtu aliyeitwa ng'ambo ya bonde akaitika.
La kwanza likaitika. La pili. La tisa.
Watoto wakaanza kuhesabu pamoja nami,
wakipotea, wakigombana, wakirudi kumi.

Ndani ya behewa la tatu, chini ya kiti,
nikakuta glovu ya mtoto, nyekundu, ya mkono mmoja,
na juu ya dirisha maandishi ambayo rangi haikuyameza,
herufi za watu nisiowajua.
Pengine ni "usichungulie". Pengine ni "karibu".
Nilijua jambo moja tu: huko nako kulikuwa na baridi.
Nikaitia mfukoni. Sikuiandika kwenye fomu.

La thelathini na moja likakohoa.

Kikohozi kifupi, cha mtu anayeficha homa
asije akanyimwa safari.
Watoto wakapaza, "Thelathini na moja!"
wakasogea mbele. Mimi nikabaki.
Nikalipaka mafuta ya taa, nikalifuta, nikalisiliba chaki,
nikagonga tena, polepole,
na mafuta yakatoka yalikojificha:
mstari mwembamba
kama unywele uliodondoka kwenye unga.

Dalali akacheka. "Mama, huo mkwaruzo. Rangi itaufuta."
Rangi.
Nimekula chumvi ya karakana miaka ishirini na sita,
nimeona rangi ikifuta mengi:
majina, miaka, madeni.
Ufa, hapana.
Na huu si wa ukutani, wa kuziba kwa udongo.

Chaula hakunitazama. Alitazama bango,
MABEHEWA SITA, MBEYA TWENDE,
lilikwisha chapishwa, lilikwisha bandikwa hadi Tunduma.
Kidole chake kikahesabu kitu hewani;
nadhani ni Fuso.
Akauliza, "Likienda pole?"
Sikujibu. Nikampa nyundo.

Akavua glovu.
Akagonga la thelathini, likaitika.
Akagonga la thelathini na moja.
Akainamisha sikio, akagonga tena,
kisha akasema, kama anayeongea na gunia:
"Kiazi chenye moyo mweusi.
Nje safi. Ukikigonga kwa kucha, kinakuambia."

Hakuna aliyepiga makofi.
Mama wa vitenge aliketi juu ya taruma, akakaa hapo.
Sanga wa spea akakokotoa kwenye simu
bei ya matano, akafuta, akarudia.
Dalali alikuwa akitafuta mtandao
huku na huku, viatu vikichafuka.

Nami nilibakiwa na kumi na saba
na mkono uliokufa ganzi.
Nikaipokea nyundo, mpini bado una joto lake.
Mtoto mmoja akauliza tumefika ngapi.
Thelathini na mbili, nikamwambia.
Nyamaza kidogo, nisikie.